Msomaji wa Somo la Kwanza

Katika mwaka mzima wa liturujia hakuna somo linalompima msomaji kama somo la kwanza la Kesha la Pasaka. Moto umebarikiwa nje, mshumaa wa Pasaka umeingia katika kanisa lenye giza, Mbiu ya Pasaka imeimbwa, waamini wameketi. Ndipo mtu mmoja, huenda mwalimu wa shule ya msingi, mkulima wa tumbaku au mama wa jumuiya ndogondogo, anapopanda mimbarini na kufungua sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo. Mbele yake wamekaa watu wa Jimbo la Mpanda: Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma, na wana wa waliokimbia Burundi mwaka 1972. Karibu wote wanakijua kisa kizima kabla hajafumbua kinywa. Hakutumwa kuwapasha habari. Ametumwa kuwaandaa, ili zaburi inayofuata iwatoke wenyewe.

Kwa sura hii, mlei kusimama mimbarini ni jambo la juzi. Hadi katikati ya karne ya 20 masomo ya kesha yalisomwa kwa Kilatini, tena asubuhi ya Jumamosi Kuu, na yalikuwa 12. Mwaka 1951 Papa Pius XII aliruhusu ibada irudi usiku. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano masomo ya Agano la Kale yakapangwa kuwa saba, lugha ya watu ikaingia, na mlei akakabidhiwa kitabu. Lakini katika nchi hii walei walikuwa wamelibeba neno tangu mapema. Wamisionari wa Afrika walipokabidhiwa ngome ya Wabelgiji huko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, waliliendeleza neno hilo kwa msaada wa makatekista. Mmoja wao, Adrian Atiman, alitekwa utumwani Afrika Magharibi akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alikaa hapo akitibu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Msomaji wa leo ni mrithi wa watu wa namna hiyo.

Sura anayoisoma ilijengwa kwa ajili ya masikio. Siku tatu za kwanza zinatengeneza mahali: nuru na giza, anga na maji, nchi kavu na mimea. Siku tatu zinazofuata zinaleta wenyeji: mianga ya mbinguni, samaki na ndege, wanyama na mwanadamu. Siku ya kwanza inaitana na ya nne, ya pili na ya tano, ya tatu na ya sita. Mungu anasema mara kumi. Mara saba anaitazama kazi na kuiona njema. Mara sita jioni na asubuhi zinakuja kuifunga siku. Aliyekulia kwenye ngoma zenye kiongozi na waitikiaji anautambua mpangilio huu mara moja: kiongozi anaongeza neno jipya, kiitikio kinarudi, na kila kinaporudi kinawavuta waliokaa pembeni waingie.

Ndiyo maana naamini sura hii tunaidhulumu tunapoiuliza maswali ya darasani peke yake: dunia ina umri gani, siku zile zilikuwa na saa ngapi. Maswali hayo yana mahali pake na watu wake. Lakini maandishi yaliyopangwa kwa hesabu ya saba, yenye kiitikio, yanayoishia kwenye siku iliyobarikiwa, yanatuita tufanye kitu. Yanatuita tuabudu, na msomaji hodari anayasoma hivyo bila kuongeza hata neno moja la kwake.

Tazama anavyokishika kiitikio. Msomaji mchanga hukichoka. Akifika siku ya tatu anakipitia mbiombio ili alifikie jambo jipya. Fundi anakitamka kila mara kwa mwendo uleule, anashusha sauti, anavuta pumzi, anasubiri. Kufikia siku ya nne utaona midomo ya wazee wa mabenchi ya mbele imeanza kucheza. Hakuna aliyewaambia waitikie. Nafasi waliyoachiwa ndiyo iliyowakaribisha.

Anajua pia mahali ambapo kiitikio kimekosekana. Siku ya pili maji ya juu yanatengwa na maji ya chini, lakini haisemwi kwamba Mungu aliona ni vyema. Kazi ya maji ilikuwa haijaisha. Inaisha siku ya tatu, maji ya chini yanapokusanyika na nchi kavu kuonekana, na siku hiyo sifa inatajwa mara mbili. Aliyejiandaa anaiacha siku ya pili ipite na upungufu wake, kisha siku ya tatu anaipa sifa ile uzito wake, ya kwanza na ya pili.

Kiswahili kinamsaidia, na kinamtega. Masimulizi yetu hutembea kwa kiambishi cha -ka-, tendo likilisukuma tendo, na sura hii imejaa mwendo huo kutoka mwanzo hadi mwisho. Asiyejihadhari anabebwa na kasi yake, anamaliza uumbaji wa mbingu na nchi kabla watu hawajatulia. Mwenye ufundi anauacha mwendo uende, ila anaushika penye nukta. Kisa hiki kina historia ya pekee katika lugha yetu: Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri Biblia kwa msaada wa kadhi Ali bin Muhiddin, alianza na kitabu cha Mwanzo. Kwa hiyo maneno ya uumbaji ni miongoni mwa maneno ya kwanza ya Biblia kutafutiwa Kiswahili, na Mkristo na Mwislamu waliyatafuta pamoja.

Halafu kuna mahali penyewe. Huko Karema siku ya tatu haisomwi kama jambo la mbali. Wabelgiji walipojenga ngome yao mwaka 1879, Ziwa Tanganyika lilikuwa karibu nayo. Lakini mwaka uliotangulia Mto Lukuga, upande wa Kongo, ulikuwa umezibua njia yake ya kutokea ziwani. Miaka iliyofuata maji yalishuka mita baada ya mita, na nchi kavu ikaonekana palipokuwa na mawimbi. Msomaji haelezi hayo mimbarini. Anatulia tu kidogo, na wenyeji wanayaona wenyewe.

Siku ya nne inahitaji uangalifu mwingine. Wanazuoni wengi wanaona kwamba sura hii ilipata umbo lake karibu na wakati Wayahudi walipokuwa uhamishoni Babeli, baada ya Yerusalemu kuangushwa katika karne ya 6 kabla ya Kristo. Wababeli nao walikuwa na utenzi wao wa uumbaji, ambamo mungu Marduk anamuua bahari, Tiamat, na kuumba ulimwengu kwa mwili wake. Utenzi huo ulisomwa mbele ya sanamu ya Marduk katika sikukuu ya mwaka mpya. Jua, mwezi na nyota vilikuwa miungu. Katika Mwanzo hakuna vita. Jua na mwezi havitajwi hata kwa majina, vinaitwa mianga tu, mkubwa na mdogo, na vinapewa kazi ya kupambanua majira. Nyota zinatajwa mwishoni, kwa neno moja.

Heshima ya namna hiyo kwa viumbe ipo hata huku: Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, imechukua jina la Katabi, mzimu ambao Wabende husema unakaa katika mkwaju karibu na Ziwa Katavi, na watu wameendelea kuacha sadaka zao hapo. Msomaji anayefahamu hayo hasomi siku ya nne kwa kejeli. Waliousujudia mti waliona kweli kwamba ulimwengu unadai heshima, na sura ya kwanza inaikubali heshima hiyo na kuielekeza juu zaidi. Jua likawa mwanga, mkwaju ukawa mti, vyote viwili vikawa vyema, na sifa ikaenda kwa aliyevifanya. Sauti nzuri hapa ni ya furaha iliyotulia, isiyomshinda mtu yeyote.

Na majira yanayotajwa siku ya nne yanafanya kazi usiku uleule wa kesha. Pasaka ni Jumapili inayofuata mbalamwezi ya kwanza tangu usiku na mchana vilingane mwezi Machi, kwa hiyo kesha huangukia mwezi ukiwa mpevu au umeanza kupungua. Ziwani dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa kuwa mwezi mkubwa huzishinda taa nguvu, na wavuvi hupumzika siku za mbalamwezi. Mwanga mdogo wa siku ya nne, basi, ndio unaoitisha sikukuu, nao huohuo mara nyingi ndio unaompandisha mvuvi pwani aje kuisikia.

Mbele ya msomaji wapo pia watu wa Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa waliokimbia mauaji ya Burundi. Wengi wao walipewa uraia wa Tanzania miongo kadhaa baadaye. Wazee wao walifika porini, wakafyeka miombo, wakaanza upya. Ukijua kwamba sura hii yaelekea ilitunzwa na kupangwa na watu waliopoteza nchi, mji na hekalu, unaelewa kwa nini mzee wa Katumba anaweza kuisikia kwa undani kuliko mtaalamu. Dunia iliyokuwa ukiwa na utupu inapangwa, siku kwa siku, kwa neno. Msomaji asiharakishe kuondoka kwenye giza la mwanzo. Wapo wanaolikumbuka.

Siku ya sita kasi inapungua yenyewe. Kabla ya kumuumba mtu Mungu anasema kwanza kama anayeshauriana, kisha kuumba kunatajwa mara tatu mfululizo katika sentensi zinazofanana. Hapa wasomaji wengi hupandisha sauti. Waliobobea huitandaza: kila sentensi mahali pake, mwanamume na mwanamke kwa uzito uleule.

Siku ya saba haina jioni wala asubuhi. Kiitikio ambacho watu wamekizoea mara sita hakiji, na siku inabaki wazi. Waadventista Wasabato huilinda siku hiyo kila Jumamosi, na Wakristo wengine huitafuta katika Jumapili, lakini wote wanakubali kwamba sita zimepangwa kuielekea saba. Hata ziwa limewahi kuachiwa pumziko: kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi katika Ziwa Tanganyika ili samaki wazaliane. Serikali ilikuwa na sababu zake za kiuchumi. Hata hivyo, anayesikia samaki wakibarikiwa siku ya tano na kazi ikikoma siku ya saba ataona kwamba kujizuia kuchukua kunaweza kuwa ibada.

Kitabu cha masomo kinaruhusu kusoma kwa ufupi: aya ya kwanza, kisha kurukia kuumbwa kwa mwanadamu. Najua usiku ni mrefu na watoto wanasinzia. Bado nasihi parokia zisikate. Anayekata anampa mwanadamu ulimwengu bila watu kusikia maji, mwezi, migebuka na ndege vikitokea, na anauvunja mwendo ambao ndio unaoamsha sifa. Afadhali apatikane msomaji mmoja mapema, tangu Kwaresima, apewe sura nzima, aifanyie mazoezi kwa sauti mbele ya mwenzake atakayemwambia ukweli.

Zamani za hekalu la Yerusalemu, wakati wa makuhani wa zamu kuhudumu ulipofika, watu wa wilaya yao waliobaki vijijini walikusanyika juma hilo na kuisoma sura hii kwa mafungu, siku baada ya siku. Sadaka ilitolewa mbali, na wao wakashiriki kwa kusoma uumbaji. Vigango vya Jimbo la Mpanda vinavyokaa majuma mengi bila padre vinaijua hali hiyo vizuri. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba anasubirisha ibada ianze. Akisoma siku saba kwa ukamilifu, kisha akanyamaza ili zaburi ijibu, ibada imekwisha kuanza, na kusanyiko limo ndani yake.