Tata Msasi: Kazi, Uwindaji na Chinsoni katika Wasifu wa Baba huko Mosocho

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umekwisha kuizungumzia tanzia ya kimaandishi kwa mapana. Tenzi za maombolezo, mashairi ya kuwalilia viongozi, hata tamthilia zilizochimbuka katika migogoro ya maziko, kama vile *Kwenye Ukingo wa Thim* ya Ebrahim Hussein (1988), zote zimepata wahakiki wake. Kinachopuuzwa ni matini fupi inayosomwa hadharani karibu kila mwishoni mwa juma nchini Kenya, yaani wasifu wa marehemu. Sababu ya kupuuzwa kwake si ngumu kuiona. Wasifu huo aghalabu hauna mwandishi mmoja, hupigwa chapa kwa haraka, huonekana umejaa maneno yaliyochakaa, na baada ya siku ya maziko hupotelea kabatini. Lakini ikiwa muktadha na namna ya uwasilishaji ni vigezo vya msingi vya kubainisha utanzu, kama alivyosisitiza Mulokozi katika makala yake ya 1989 kuhusu tanzu za fasihi simulizi, basi matini isomwayo kwa sauti mbele ya kaburi lililo wazi haiwezi kuachiwa wapiga chapa peke yao.

Mosocho, eneo la Kitutu lililo kando ya barabara itokayo mji wa Kisii kuelekea Kisumu, panafaa kuwa pa kuanzia. Wafiwa wa hapo hawatofautiani na wafiwa wengine wa Gusii. Ila shughuli ya kuhifadhi kumbukumbu kwa maandishi ina historia yake mahali hapo. Shule ya Upili ya Kadinali Otunga ilikuwa na chama cha historia, na makusanyo yake ya habari za wazee yametajwa katika kazi za wanahistoria wa Abagusii. Yaliyokusanywa na chama kama hicho ni habari za koo, vita na uhamaji. Wasifu wa mazishi hukusanya kile kinachobaki: baba mmoja, aliyeishi katika boma moja.

Muundo wa wasifu huo unajulikana. Kuzaliwa, ubatizo, shule, ajira, ndoa, watoto kwa majina, maradhi, kifo. Katikati ya orodha hiyo hukaa sifa mbili ambazo makala haya yanazichunguza. Ya kwanza ni kwamba marehemu alikuwa mchapa kazi. Ya pili, ambayo haipatikani kila mahali, na inapopatikana hujibanza katika kishazi kimoja karibu na mwisho, ni kwamba alipenda kuwinda na kutembea porini. Msikilizaji wa kawaida huichukulia sifa ya pili kuwa pambo. Hoja inayotolewa hapa ni kinyume chake: kishazi hicho ndicho chenye uzito wa kifasihi, na sifa ya uchapakazi ndiyo iliyo karibu zaidi na pambo.

Neno *kazi* katika wasifu wa kizazi hicho lina maana finyu kuliko linavyoonekana. Wilaya ya Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza ambako Waafrika wa Kenya waliruhusiwa kupanda kahawa katika miaka ya 1930; chai na pareto zikafuata. Wanaume wengi walikwenda kuajiriwa katika mashamba makubwa ya chai ya Kericho na kwingineko. Uchapakazi wa baba, basi, ulipimwa kwa karo iliyolipwa, bati lililoezekwa, na mche uliokatiwa kwa wakati. Vyote hivyo ni vitu ambavyo mfiwa anaweza kuvionyesha kwa kidole kutoka pale aliposimama. Ni sifa ya haki. Lakini ni sifa inayomtazama baba kwa matokeo yake, na kwa sababu hiyo yaweza kuhamishwa kutoka kwa marehemu mmoja hadi mwingine bila kubadilishwa hata nukta.

Uwindaji hauhamishiki hivyo. Anayesema kwamba baba aliondoka alfajiri na mbwa, akashuka vichaka vya bondeni au akaelekea mteremko wa Manga, akarudi na sungura au mikono mitupu, amelazimika kumwona baba akitembea. Kuna mbwa, umande, mkuki au rungu, ukimya wa kuotea, na hasira au kicheko cha kukosa. Kwa istilahi ya wahakiki, usawiri umeanza. Katika sehemu nyingine zote za wasifu, mhusika anaelezwa, hapa anatenda. Tena anatenda jambo ambalo halikumlipia mtu karo. Katika ardhi ya Gusii, ambako watu ni wengi na mashamba yamegawanywa vipande vidogo mno, mawindo hayakuwa tegemeo la chakula kwa kizazi hicho. Baba alikwenda kwa kuwa alipenda kwenda. Ni mahali pamoja tu katika wasifu mzima ambapo marehemu ana matakwa yake mwenyewe.

Kwa nini basi jambo hilo lisemwe kwa kishazi kimoja, tena kwa sauti ya chini? Sehemu ya jibu imo katika *chinsoni*, kanuni za haya na heshima zinazotawala uhusiano wa vizazi viwili vinavyofuatana miongoni mwa Abagusii. Robert na Barbara LeVine, waliofanya utafiti huko katikati ya miaka ya 1950, wameeleza jinsi baba na mwana mtu mzima walivyopaswa kujitenga katika mambo ya mwili, malazi na mazungumzo ya ndoa, kiasi cha baba kutoingia nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kati ya babu na mjukuu, kwa upande mwingine, kuna utani na uhuru. Mwana anayesimama kaburini yumo ndani ya kanuni hizo hata baada ya kifo. Hawezi kusema jinsi baba alivyocheka na mama, alivyoogopa, alivyougua mwili wake. Hawezi, kwa urahisi, kusema kwamba alimpenda. Lakini anaweza kusimulia kwamba siku moja alibebeshwa sungura wa baba kutoka bondeni hadi nyumbani. Uwindaji ni uwanja wa nje, mbali na nyumba na malazi yake. Huko mwana aliruhusiwa kuutazama mwili wa baba ukifanya jambo bila kuvunja haya. Kishazi cha mwisho, kwa hiyo, si upungufu wa ufundi. Ni mahali ambapo upendo umepata pa kupitia.

Ulinganisho na *Utendi wa Fumo Liyongo*, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mnamo 1913, waweza kuonekana wa mbali, maana pwani ya Pate ina kanuni zake. Hata hivyo unasaidia. Liyongo ni bingwa wa uta. Katika kisa cha makoma, Wasanye waliotumwa kumwua wanaweka shauri la kupanda mti kwa zamu ili apigwe mishale akiwa juu; zamu yake ifikapo, yeye huyaangusha matunda kwa mishale akiwa amesimama chini. Kila mhakiki amekitaja kisa hicho kuwa ushahidi wa ushujaa. Kisichosisitizwa vya kutosha ni kwamba hakuna adui aliyemshinda kwa njia ya silaha na pori. Aliyemshinda ni mwanawe, na alimshinda kwa swali. Alimwuliza baba ni kitu gani kiwezacho kumwua, na baba, ingawa alishuku, akajibu: sindano ya shaba kitovuni. Swali hilo ni swali la mwili wa baba. Ukisomwa kwa jicho la mtu wa Mosocho, utendi huo ni kisa cha mwana aliyeuliza kisichoulizwa. Naye baba aliyekwisha kuchomwa hakufia kitandani. Alipiga goti kisimani, uta mkononi na mshale ukiwa tayari, watu wasithubutu kwenda kuchota maji hata mama yake alipokuja kumsihi. Mtunzi amemrudisha kwenye uta. Amemwondoa kitovuni. Wasifu wa Mosocho, kwa uwezo wake mdogo, hufanya vivyo hivyo unapomwacha mgonjwa wa aya iliyotangulia na kumrudia mtu mwenye mbwa.

Zipo jamii ambazo zimempa mwindaji aliyekufa utanzu wake kamili. Wayoruba wana *ijala*, ushairi wa wasasi uliochunguzwa na Babalola (1966), na wana *iremoje*, mbolezi za mazishi ya wasasi zilizokusanywa na Ajuwon (1982). Nyuma ya tanzu hizo kuna chama cha wasasi na mungu wao Ogun. Msasi wa Mosocho hakuwa na chama. Alikuwa mwalimu, mkulima au mfanyakazi wa majani chai aliyewinda siku ya mapumziko. Uainishaji wetu wa nyimbo nao haumsaidii, kwani umeziweka hodiya, nyimbo za uwindaji na mbolezi katika visanduku vitatu, ilhali mtu huyu anahitaji vyote vitatu kwa dakika moja.

Kuna pia suala la sheria, ambalo mhakiki hana budi kulitaja hata kama mfiwa hulikwepa. Tangu mwanzo wa utawala wa Waingereza, kanuni za leseni zilimfanya mwindaji mmoja kuwa mwanaspoti na mwingine kuwa jangili. Wilhelm Dinesen, Mdenishi aliyechapisha barua zake za uwindaji mnamo 1889 kwa jina la Boganis, alikumbukwa maisha yote na bintiye, Karen Blixen, ambaye naye alikuja kuwinda simba katika nchi hii na kuliandikia kitabu shamba lake la Ngong mnamo 1937. Baba huyo mwindaji alipata barua, binti na wasomaji. Msasi wa Gusii wa enzi hiyo, akiandikwa popote, uwezekano mkubwa ni kwamba aliandikwa na askari. Mnamo 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani kwa wote, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inauhesabu hata uwindaji wa kitoweo kuwa kosa. Makatazo hayo yana sababu zake nzuri. Bonde la Lambwe, lililofanywa hifadhi mnamo 1966 na sasa ni Mbuga ya Taifa ya Ruma, lisingekuwa na korongo leo bila ulinzi. Lakini athari yake katika lugha ni kwamba Kiswahili rasmi kimebakiwa na neno moja kubwa, *ujangili*, na mfiwa mwenye busara hulipisha mbali kwa tafsida: marehemu alipenda mazingira, alipenda matembezi. Tafsida hiyo ni hasara. Inamwondoa mbwa, na akiondoka mbwa, baba anaondoka naye. Aniceti Kitereza, aliyeandika kwa Kikerewe mnamo 1945 riwaya iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980 kuwa *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, alionyesha kwamba kilimo, uvuvi na uwindaji vyaweza kuelezwa hatua kwa hatua, kwa Kiswahili hiki hiki, bila kuomba radhi.

Ipo pingamizi moja ambayo haiwezi kuepukwa. LeVine na LeVine (1966) wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya kilimo cha kila siku ilikuwa mikononi mwa wanawake. Alfajiri ile ambayo baba alishuka bondeni na mbwa, kuna mtu aliyebaki akipalilia wimbi. Uhuru unaosifiwa katika kishazi cha uwindaji ulikuwa na jembe nyuma yake, na wasifu haulitaji. Hapa lugha yenyewe inafanya jambo ambalo mwandishi wa wasifu hakulikusudia. Katika Ekegusii, baba huitwa *tata*. *Baba* ndilo neno amwitalo mtu mama yake. Mwana anaposoma kwa Kiswahili, kwa ajili ya wageni waliotoka mbali, kwamba baba alikuwa mchapa kazi, wengi waliopo wanajua lugha zote mbili na wanamwelewa vyema. Lakini nyuma, chini ya migomba, wameketi wanawake wazee ambao Kiswahili hakikuwafikia sana, na sentensi hiyo inawafikia ikiwa na maana nyingine, nao wanaitikia kwa kichwa.