Kufuli Lililoitwa Ufunguo: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo Mmoja

Mwongozo tunaouhakiki hapa una kichwa "Ufikaji Salama wa Mbali wa Ghala la Matoleo". Umefasiriwa kutoka Kiingereza kwa ajili ya walimu na makarani wanaokusanya msamiati wa uvuvi wa pwani ya kaskazini, ili kila mmoja aweze kutia maneno yake katika orodha moja iliyohifadhiwa kwenye kompyuta iliyoko Dar es Salaam. Orodha hiyo hutunzwa kwa programu ya Git, aliyoibuni Linus Torvalds mwaka 2005, ambayo huweka kumbukumbu ya kila badiliko pamoja na jina na tarehe. Kompyuta yenyewe hufikiwa kwa SSH, utaratibu uliobuniwa na Tatu Ylönen huko Ufini mwaka 1995, baada ya mtandao wa chuo chake kuvamiwa na watu walionasa maneno ya siri ya watumiaji yakiwa njiani.

Kabla ya kutoa maoni yetu tuliusoma mwongozo huu kwa sauti mbele ya baadhi ya wale uliokusudiwa, huko Moa, kaskazini ya Tanga, karibu na mpaka wa Kenya. Tulipofika mahali panaposema kwamba mtumiaji wa mbali "hufika salama kupitia bandari 22 na kuingia ghalani", mwalimu mmoja alituuliza kwa upole, "Samahanini, ndugu zangu, hilo jahazi limetoka wapi?" Hatukuwa na jibu. Kufika salama, bandari na ghala ni maneno mema, kila moja likiwa peke yake. Lakini yakikutana mbele ya msikilizaji wa pwani hayasimulii jambo jingine ila safari ya baharini.

Kosa la bandari ni kosa la kamusi. Neno la Kiingereza lililofasiriwa lina asili mbili za Kilatini, moja ya bandari na moja ya lango, na maana ya kikompyuta imetoka upande wa lango. "Mlango namba 22" ungalitosha. Kuhusu ghala hatuna ukali kama huo, ingawa ghala ni mahali ambapo gunia likitolewa hupungua, hali orodha hii hunakiliwa pamoja na historia yake yote bila kupungukiwa na kitu. Tungependelea "hazina", kama tusemavyo hazina ya maneno. Wapo waliopendekeza "makavazi", neno linalofahamika Kenya. Lakini upande huu wa mpaka tumezoea "nyaraka", na hakuna haja ya kufungua mjadala huo kwa sababu ya orodha ya majina ya samaki. Vitenzi vya mfasiri, kama vile kunakili, kuvuta na kurudisha, ni vizuri na vibaki vilivyo.

Jambo lililotufanya tushike kalamu liko ukurasa wa 7. Yafaa kwanza tueleze kinachotendeka. Mtumiaji huiagiza programu imtengenezee jozi ya mafaili. Faili la kwanza hubaki katika kompyuta yake na halitolewi kwa mtu yeyote. La pili, ambalo jina lake huishia na .pub, hupelekwa kwa msimamizi, naye huliweka kwenye kompyuta ya mbali. Mtu anapobisha hodi, kompyuta hiyo humtahini. Na mwenye faili la kwanza peke yake ndiye awezaye kutoa jibu linalolingana na faili la pili. Faili la kwanza halisafiri hata mara moja. Katika Kiingereza yote mawili yameitwa funguo tangu Diffie na Hellman walipochapisha wazo hilo mwaka 1976, na mfasiri wetu amefuata: "ufunguo wa umma" na "ufunguo binafsi".

Kwa mtumishi wa serikali, "umma" ni neno lenye ofisi yake: utumishi wa umma, mali ya umma, mashirika ya umma. Ufunguo wa umma ni ule anaokabidhiwa mlinzi jioni. Karani mmoja wa Moa alielewa hivyo hivyo. Alihitimisha kwamba huo ndio wa kulindwa usitoke, na kwamba ule binafsi, kwa kuwa ni mali yake, ana hiari ya kumpa amtakaye. Amri ya mwongozo ilikuwa imepinduka miguu juu. Laiti angaliitekeleza kama alivyoielewa, yeyote aliyelipata faili lile, isipokuwa kama limefungwa kwa neno la siri, angaliweza kuingia katika hazina kana kwamba ni yeye, akaandika na kufuta apendavyo.

Wala kosa haliishii kwenye "umma". Kiswahili hakina desturi ya kurudia kivumishi cha kitu kilichokwisha kutajwa, na mfasiri mwenyewe, aya mbili baadaye, ameandika: "Ukishindwa kuingia, tuma tena ufunguo wako." Upi? Istilahi ambayo usalama wake wote umening'inia kwenye kivumishi itaanguka pale pale kivumishi kinapoachwa.

Twapendekeza faili la .pub liitwe kufuli, na lile jingine ufunguo, bila nyongeza yoyote. Mtu humpelekea msimamizi kufuli lake, likatundikwa mlangoni. Ufunguo ukabaki mfukoni. Tunakiri kwamba mfano huu una kikomo: ufunguo ukitumiwa kutia saini hati, kufuli halifai, na huko huenda "muhuri" likafaa zaidi. Tumeambiwa pia kwamba "ufunguo wa umma" limekwisha kuingia katika maandishi ya wataalamu. Ni kweli, na twajua kwamba istilahi haiwekwi kwa amri: "tarakilishi" na "ngamizi" yalitungwa kwa ufundi, na wengi wakaendelea kusema kompyuta, kwa kuwa ndilo lililokuwa midomoni mwao. Lakini huko Moa hatukumkuta hata mmoja aliyewahi kulisikia "ufunguo wa umma". Kiti kingali kitupu.

Limebaki dogo la ukurasa wa 9, ambapo kompyuta ya mbali "huonyesha alama zake za vidole". Wasikilizaji wawili walitafuta mahali pa kuweka dole gumba. "Alama ya utambulisho" ingalitosha, na mfasiri aongeze jambo ambalo mwongozo haukulisema, kwamba alama hiyo ilinganishwe na ile aliyoitoa msimamizi kabla ya kuandika "ndiyo".

Ukurasa wa 7, katika chapa ijayo, tungependa usomeke hivi: "Mpelekee msimamizi kufuli lako, yaani faili linaloishia na .pub. Ufunguo usimpe mtu, hata msimamizi mwenyewe akikuomba."