Kalamu nyekundu juu ya 'Chozi la Heri'

Mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Borabu, kaunti ya Nyamira, ameniletea karatasi mbili nizisome nimpe maoni. Ya kwanza ni tahakiki ya mwanafunzi wake wa kidato cha tatu kuhusu Chozi la Heri, riwaya ya Assumpta Matei. Ya pili ni tahakiki iyo hiyo baada ya mwalimu kuihariri, tayari kuingia katika jarida la chama cha Kiswahili cha shule. Anataka kujua kama ameifanya kazi yake vyema. Sitamtaja yeye wala mwanafunzi wala shule. Ameniruhusu kuujadili uhariri wenyewe katika safu hii, nami nimekubali kwa sababu tahakiki kama hizi zinaandikwa kila muhula kutoka Keroka hadi Ogembo, na wanaozisahihisha huwa na dakika tano tano kwa kila karatasi.

Ikumbukwe kwamba riwaya hii ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022. Kwa hivyo kijana huyu hakusukumwa na Karatasi ya Tatu. Aliitoa mwenyewe kabatini, akaisoma, akaandika kurasa nne kwa mkono. Siku hizi hilo si jambo dogo.

Nianze na mepesi. Kijana ameandika kwamba Mwekevu Tendakazi "alipata kula nyingi". Mwalimu ameizungushia duara akaandika "kura". Sawa kabisa. Ekegusii haina sauti /l/, na anayejifunza kuitamka ukubwani huenda akaipachika hata mahali ambapo /r/ ilikuwa imeketi salama. Ndiyo maana unakuta karamu na kalamu zinabadilishana viti katika daftari lilo hilo. Haina /z/ pia, na hapo ndipo "saidi" na "zaidi" zinapogongana. Makosa haya yanasahihishika, wala hayamwondolei mwandishi heshima. Lakini la kura na kula nimelicheka kidogo, kwa sababu katika siasa zetu mpaka kati ya maneno hayo mawili ni mwembamba hata kwa wasiojua neno moja la Ekegusii.

Uzito unaanzia kwenye kitenzi. Mwanafunzi ameandika: "Nyumba ya Ridhaa imechomwa na jirani yake Mzee Kedi." Mwalimu ameikata sentensi hiyo akaweka: "Nyumba ya Ridhaa iliteketea wakati wa ghasia." Ukisoma haraka utasema huu ni usafi wa lugha tu. Mimi naona maamuzi mawili makubwa yamepita hapo bila kupigiwa hodi.

La kwanza ni la wakati. Kiambishi -me- hakisemi tu kwamba tendo lilipita. Kinasema matokeo yake bado yapo. "Mgeni amefika" maana yake yuko sebuleni. "Mgeni alifika" huenda alishaondoka zamani. Sasa, riwaya yenyewe inamfungua Ridhaa akiwa amesimama mbele ya magofu ya lililokuwa kasri lake, na mengi ya yale yaliyotangulia tunayapata kwa mbinu rejeshi, yaani kupitia kumbukumbu zake. Kwa msomaji anayeingia mlango wa sura ya kwanza, nyumba imechomwa. Majivu yapo. Kijana hakukosea, amesimama pale aliposimama mhusika. Anayejua Ekegusii atakumbuka pia kwamba lugha hiyo hutenganisha zamani ya leo na zamani ya mbali kwa maumbo tofauti ya kitenzi, kama zifanyavyo lugha nyingi za Kibantu. Mtoto aliyekulia humo ana sikio la kupima umbali wa jambo. Ni kipaji, na kalamu nyekundu haina budi kukiona.

Mwalimu amezigeuza karibu tahakiki nzima kuwa -li-. Ridhaa alimpoteza mkewe Terry. Mwangeka alikuwa nje ya nchi katika kazi ya kudumisha amani. Selume alikimbilia Msitu wa Mamba. Mwekevu alichaguliwa. Halafu, katika aya hiyo hiyo: "Uchaguzi wa 2007 ulizua ghasia." Vitenzi vyote vimevalishwa sare moja, na msomaji asiyekijua kitabu atatoka hapo akiamini kwamba Mwekevu Tendakazi aligombea nchini Kenya mwaka wa 2007.

Kuna desturi nzuri katika uhakiki ambayo tunaifundisha kisha tunaisahau tukishika kalamu: yanayotendeka ndani ya kitabu tuyaeleze kwa wakati uliopo, kwa kuwa kila anayekifungua kitabu anayakuta yakitendeka, yaliyotendeka duniani tuyaeleze kwa wakati uliopita. Ridhaa anampoteza Terry. Wakenya walipiga kura Desemba 2007. Ukiziweka sentensi hizo mbili pamoja, viambishi vyenyewe vinamwonyesha msomaji ipi ni ya riwaya na ipi ni ya historia, bila wewe kuongeza maelezo. Tahakiki ya riwaya inayogusa historia inalihitaji hili kuliko tahakiki nyingine yoyote.

Na hapa nafika pale ambapo kalamu ya mwalimu ilipaswa kusimama, ikapita mbio. Kijana amefungua tahakiki yake hivi: "Hii ni riwaya ya kihistoria inayoeleza uchaguzi wa 2007 nchini Kenya." Mwalimu hakuigusa. Kumbe hii ndiyo sentensi inayotaka mazungumzo marefu.

Riwaya ya kihistoria kwa kawaida huliita tukio kwa jina lake. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), anasimulia habari za watumwa waliokombolewa wakakaa Frere Town, na Frere Town ipo Mombasa mpaka leo. Kaburi Bila Msalaba (1969) ya P. M. Kareithi inawataja Mau Mau waziwazi. Kuli (1979) ya Shafi Adam Shafi inatufikisha kwenye mgomo wa makuli wa Unguja wa 1948, mgomo ambao mwanahistoria anaweza kukuonyesha katika nyaraka. Matei amechukua njia nyingine. Nchi yake inaitwa Wahafidhina, nayo haimo katika ramani yoyote. Kiongozi aliyechaguliwa ni mwanamke, na sehemu ya hasira inayolipuka inatokana na hilo hilo, kwamba ni mwanamke. Sisi 2007 tulikuwa na mzozo wa Mwai Kibaki na Raila Odinga. Hakukuwa na Mwekevu kati yao. Anayesema riwaya "inaeleza uchaguzi wa 2007" amemfuta Mwekevu, na akimfuta Mwekevu ameifuta mada ya jinsia ambayo mwandishi ameijengea nyumba nzima.

Je, kijana amekosea kuiita ya kihistoria? Si kabisa. Moshi wa 2008 unanukia katika kurasa zile: majirani wanaogeukana, wakimbizi wa ndani kwa ndani, kambi msituni. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133, na hakuna msomaji wa Kenya anayefika Msitu wa Mamba bila kukumbuka mahema. Lakini nchi ya kubuni humruhusu mwandishi kuingiza miaka mingi katika nyumba moja. Ken Walibora alifanya hivyo katika Kufa Kuzikana, iliyotoka 2003. Nchi yake inaitwa Kiwachema, na humo makabila yanachinjana miaka kadhaa kabla ya 2007. Hakuwa mtabiri. Machafuko ya mwanzo wa miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha kuipiga mipaka ya Bonde la Ufa, mpaka wa Borabu na Sotik ukiwa mmojawapo. Ningemshauri kijana aandike: "Riwaya hii imechota katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, ingawa haizisimulii." Neno "imechota" linabeba ile -me- anayoipenda, na linasema kweli.

Sasa turudi kwenye uamuzi wa pili wa ile sentensi ya nyumba. "Imechomwa na jirani yake Mzee Kedi" imekuwa "iliteketea wakati wa ghasia". Wakati umebadilika, ndiyo, lakini Kedi naye ametoweka. Kitenzi teketea hakidai mtenda. Nyumba huteketea kwa radi, kwa kibatari, kwa waya mbovu. Magazeti yetu, hili likiwemo, yana ugonjwa huo: ghasia zilizuka, watu waliuawa, mali iliharibiwa. Unasoma aya tatu hujaona mkono wa mtu.

Nilimpigia simu.

"Mwalimu, mbona Mzee Kedi amehama?"

"Mwalimu, wewe uko mbali," akasema. "Hii shule ina watoto wa pande zote mbili. Jarida likichapishwa linaenda nyumbani. Mzazi kutoka Sotik akisoma 'imechomwa na jirani', ataelewa nini? Na wa huku je? Mimi ndiye nitaitwa ofisini."

Sikumpuuza. Mwanzoni mwa 2008 nyumba zilichomwa pande zote mbili za mpaka ule, na Chepilat, kituo cha soko ambacho watu wa pande zote hununulia sukari, kiliungua. Mwalimu anayefundisha hapo anapima maneno kwa mizani ambayo mhariri wa Nairobi hana. Hata hivyo nadhani ametibu mahali pasipo na kidonda. Kedi ni mhusika wa riwaya. Hana ukoo Sotik wala Nyansiongo. Hiyo ndiyo faida ya fasihi: watoto wa pande mbili wanaweza kukaa dawati moja, wakamtaja aliyechoma kwa jina, wakamlaumu mpaka wachoke, na hakuna mzazi wa yeyote aliyeguswa. Ukimwondoa Kedi, swali la nani alichoma halifi. Linatoka kitabuni na kwenda kutafuta jibu mtaani.

Kinachoweza kuwasha moto kiko mstari wa pili, na huo mwalimu ameufuta kabisa kwa kalamu nzito hivi kwamba ilinibidi niinue karatasi kwenye mwanga wa dirisha. Umeandikwa: "Hata sisi tumechomewa."

Maneno matatu. Kijana alizaliwa baada ya 2008. Hakuona moto wowote. Lakini -me- iko pale pale, na safari hii haiwezi kutetewa kwa mbinu rejeshi. Ni ya nyumbani, ya hadithi za jioni na pengine ya shimo la msingi ambalo halijajengewa tena. Mwalimu anasema sentensi haihusiani na kitabu. Kwa kanuni za tahakiki ana hoja: ndani ya muhtasari, "sisi" ni mgeni. Lakini tahakiki ina sehemu ya tathmini, msomaji anaposema kitabu kimemgusa vipi. Hapo ina kiti chake. Mimi ningeihamisha.

Ningeihamisha kwa sharti, maana "sisi" huzaa "wao" hata kama hujawataja. Riwaya inajua hili kuliko sisi. Ridhaa, tajiri na daktari, aliitwa "mfuata mvua" akiwa mtoto wa shule. Yaani mtu aliyekuja akifuata mvua, asiye wa hapa. Wanasiasa wetu wa miaka ya 1990 walikuwa na lao, "madoadoa". Neno la Matei ni zuri zaidi kisanaa na baya zaidi kimaana, kwa sababu mvua ni baraka na anayeifuata hana kosa. Naye Selume anaachana na ndoa yake kwa kuwa kwao ni upande wa pili, hivyo "sisi" na "wao" zinapita katikati ya chumba kimoja cha kulala. Kijana ameitaja ndoa ya Selume kwa mstari mmoja na kuendelea. "Mfuata mvua" hakuitaja kabisa, ilhali ndilo neno ambalo mtoto wa Borabu angepaswa kulisoma mara mbili. Borabu ilikuwa mashamba ya walowezi Wazungu. Familia nyingi za Abagusii ziliingia humo kwa skimu za makazi za miaka ya 1960, zikitoka sehemu nyingine za Gusii.

Karatasi nimezirudisha kwa matatu ya Jumanne. Kedi nimemrudishia nyumba aliyoichoma. Vitenzi vya riwaya nimevipeleka wakati uliopo, vya historia nimeviacha kwenye -li-. Sentensi ya maneno matatu nimeiandika upya kwa penseli katika aya ya mwisho, vilevile alivyoiandika, na pembeni yake nimemwekea swali: "Sisi hapa ni akina nani, na babu alifika Borabu mwaka gani, akifuata nini?"