Saa ya Upepo na Saa ya Kazi: Hesabu ya Tanga Sio Port

Katikati ya Julai jua huzama Sio Port mnamo saa moja kasoro dakika saba jioni. Mombasa, siku hiyohiyo, limekwisha kuzama nusu saa kabla. Kenya nzima hufuata saa iliyopimwa kwa longitudo ya digrii 45 mashariki, mstari ambao haugusi hata ardhi ya nchi yetu, na Sio Port iko kwenye digrii 34, pembe ya magharibi ambako jua huchelewa kufika na huchelewa kuondoka. Kwa mtu anayefunga kazi saa kumi na moja na ana hamu ya tanga, nusu saa hiyo ni mali. Mwenzake wa pwani hana.

Naanza na jua kwa sababu mazungumzo ya kupanda ubao wa tanga katika miezi ya baridi yametoka nchi ambazo jua ndilo adui. London katikati ya Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na mchana mzima hauzidi saa nane. Mpenda maji wa huko huanza kwa kuutafuta mwanga, kisha hununua suti nzito ya mpira ili maji yasimgandishe. Upepo huja wa tatu. Sio Port iko chini ya robo digrii kutoka ikweta. Mchana ni saa 12 mwaka mzima, na machweo husogea kwa nusu saa tu kati ya Novemba na Februari. Baridi nayo ni ya jina: Juni hadi Agosti uso wa Ziwa Victoria hupoa, lakini hubaki juu ya nyuzi 23. Fulana ya mikono mirefu inatosha.

Kinachobaki kupangwa ni upepo. Na upepo wa Ghuba ya Berkeley, iliyo mbele ya Sio Port, una tabia ya kuudhi: huja karani akiwa kazini na huondoka naye.

Asubuhi nchi kavu huwa imepoa kuliko ziwa, kwa hiyo hewa hutoka bara kwenda majini. Watu wa pwani wana jina la upepo wa namna hii, umande, na jina hilo linafaa huku pia. Jua likipanda, vilima vya Samia na mashamba yaliyo nyuma yake hupata joto haraka, hewa ya juu yake hupanda, na ya ziwani huvutwa kujaza nafasi. Kwenye ufuo unaotazama kusini-magharibi kama wa Sio Port, upepo huo humpiga usoni mtu aliyesimama mchangani. Huanza kusikika karibu na saa sita, hukomaa kati ya saa nane na saa kumi na moja, kisha hufifia jua linapoinama. Katika miezi ya Juni hadi Agosti upepo mkuu wa kusini-mashariki huongezeka nguvu juu ya ziwa, huyachanganya maji na kuupoza uso wake. Maji yakipoa na nchi ikibaki na jua kali, tofauti inayouvuta upepo wa mchana hukua. Kwa hiyo wakati wa baridi ndio wakati wa tanga, lakini katika saa ambazo mwajiriwa yuko mezani.

Wavuvi walikwisha kulitatua jambo hili. Chombo cha Sio Port ni mtumbwi wa mbao, na ingawa injini za kufunga nyuma zimeenea sana, tanga la pembetatu bado linafanya kazi ziwani humu. Mvuvi wa tanga hutoka alfajiri akisukumwa na umande kuelekea nyavu zake, huvua, kisha husubiri ziwa lipumue na kurudi alasiri upepo ukiwa mgongoni. Hatumii hata lita moja ya petroli na hapigi kasia ila mwanzoni na mwishoni. Ukitazama vizuri utaona kwamba hakuutafutia upepo nafasi kati ya shughuli zake. Safari yote aliikata kwa kipimo cha upepo, kisha kazi ya nyavu akaiweka katikati, pale hewa inapotulia kabla ya kugeuka. Sijaona mpango wa siku uliotengenezwa kwa akili zaidi ya huo, na nasikitika kwamba kila injini mpya inayofungwa inaondoa sababu ya kijana kuujifunza.

Mwenye ubao hawezi kuuiga mpango huo wote, maana hana nyavu za kuangalia asubuhi na ana mwajiri bara. Anachoweza kuiga ni mpangilio: kwanza ujue upepo unakuja saa ngapi, ndipo uulize kazi inaweza kusogea wapi.

Chukua mtu wa Busia mjini. Kutoka Busia hadi Sio Port kwa mstari ulionyooka ni chini ya kilomita 30, lakini barabara hupitia Funyula na haikimbiliki. Akitoka ofisini saa kumi na moja, afike ufuoni saa kumi na mbili, afunge mlingoti na kuvuta tanga kwa dakika ishirini, atakuwa amebakiwa na nusu saa ya mwanga na upepo unaokata roho. Ile zawadi ya machweo ya kuchelewa imeliwa na barabara. Siku ya kazi, kwa mtu huyu, haiwezekani, na afadhali aambiwe hivyo mapema kuliko kuharibu nauli.

Mwalimu wa Samia ana hesabu nyingine. Akitoka shuleni saa kumi na kuishi karibu na maji, anaweza kuwa juu ya ubao saa kumi na nusu, na akapata saa mbili kamili. Tena likizo ya Agosti humwangukia ndani ya msimu wenyewe. Sioni kazi nyingine ya mshahara katika kaunti ya Busia inayopatana na ziwa kama ualimu wa shule iliyo karibu na ufuo.

Wa tatu ni mtu wa zamu. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais wa Kenya na Uganda, hufanya kazi mchana na usiku, na Malaba vivyo hivyo. Malori hayalali, kwa hiyo kuna mamia ya watu wa forodha, wakala wa mizigo, walinzi na wapishi wa vibandani ambao mchana wao uko huru. Aliyetoka zamu saa moja asubuhi anaweza kulala hadi saa sita na kuwa majini saa nane, upepo ukiwa umeiva. Hapa lakini nina neno. Mtu aliyekesha huchelewa kuona na huchelewa kuamua, na ziwa halisubiri. Siku ya kwanza baada ya zamu ya usiku ni ya kulala, na ubao uwekwe siku ya pili ya mapumziko. Wa Malaba, aliye zaidi ya kilomita 50 kutoka ufuoni, na atenge siku nzima ya kukaa ufuoni.

Vifaa navyo vina hesabu yao, na ndipo wengi hukosea kwa kufuata maelezo yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya kimo hicho ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko ya pwani, na nguvu ya upepo kwenye tanga hupungua kwa kiasi hicho hicho hata kasi ikiwa sawa. Tanga la mita 6 za mraba linalomtosha mtu wa Watamu, pwani, Sio Port linataka kuwa la karibu mita 6.8. Au tuseme hivi: upepo wa fundo 16 wa ziwani unasukuma kama wa fundo 15 wa baharini. Maji matamu nayo hubeba kidogo kuliko ya chumvi, tofauti ya lita mbili tatu kwa mtu mzima na vyombo vyake. Kwa upepo wa mchana wa ghuba hii, ambao mara nyingi ni wa wastani, ubao mpana wenye mkuku wa kushushwa katikati ndio chombo. Mbao fupi zinazoruka juu ya maji badala ya kuyapasua zitamwacha mtu amesimama kiunoni mwa maji akingoja.

Na mawimbi? Anayetaka kuteleza juu ya wimbi bila tanga, aende pwani wakati wa kusi. Wimbi hukua kwa mambo matatu: kasi ya upepo, muda wake, na urefu wa maji matupu ulioupitia. Kisiwa cha Sigulu upande wa Uganda kinakaa kusini-magharibi mwa ghuba na kuukata urefu huo. Hata tukikubali kilomita 20 za maji matupu na upepo wa mita sita kwa sekunde unaovuma saa tatu na nusu mfululizo, tunapata wimbi la chini ya nusu mita, linalofuatwa na jingine baada ya sekunde tatu. Wimbi la Bahari ya Hindi lililosafiri kutoka mbali huja na nafasi mara tatu ya hiyo, na nafasi ndiyo inayompa mtu muda wa kusimama.

Tuingie majini basi, lakini si popote. Kichocho kipo ziwani humu, na vijidudu vyake hutoka kwenye konokono kwa wingi zaidi jua linapokuwa kali, katika maji ya kina kifupi yenye magugu. Yaani saa ile ile ambayo mwenye ubao husimama magotini akihangaika na kamba. Tanga lifungwe nchi kavu, mtu aingie mahali peupe na aondoke upesi, na baadaye aende zahanati kuulizia dawa ya prazikwanteli. Mdomo wa mto Sio uachwe kwa viboko. Na kabla ya yote, watu wa BMU, wanaosimamia ufuo, waombwe ruhusa na waonyeshe nyavu zilipo. Miezi ya Aprili hadi Julai, upande wa Kenya, uvuvi wa omena kwa kawaida hufungwa, na kwa familia nyingi hiyo ni miezi migumu ya pesa. Mgeni anayekuja kucheza wakati wenzake wamekosa kazi hana budi kuwa na heshima, na kumlipa mwenye mtumbwi amwangalie akiwa majini ni heshima inayonunua unga.

Mtumbwi huo una kazi nyingine, ya uokoaji. Upepo uliovuma mchana mzima hupanda na kukutana na hewa ya mashariki juu ya nyanda za Kakamega na Nandi, na huko hujenga mawingu ya radi. Wingu likianguka, hewa baridi hukimbia kutoka chini yake pande zote, na inayokuja magharibi hufika ghubani ikitoka bara. Upepo uliokuwa ukikurudisha nyumbani sasa unakupeleka Uganda, kwenye maji ambayo mwaka 2017 yalianza kulindwa na jeshi na ambamo wavuvi wengi wa Kenya wamekamatwa. Kwa hiyo mwenye ubao hutazama mashariki, nyuma ya vilima, mara nyingi kuliko anavyotazama maji. Wingu likiwa jeusi chini na jeupe juu, anarudi, hata kama ni saa tisa na tanga limejaa. Jaketi la kuokoa maisha halivuliwi.

Siku isiyo na wingu, mbinu ni ya mvuvi iliyogeuzwa. Bisha kwanza. Ukitoka ufuoni upepo unakupiga usoni, kwa hiyo nenda joshini, upande utokako upepo, kwa mikato, huku na huku, wakati mikono ina nguvu na upepo bado una uhai. Ukikata kwa pembe ya digrii 45, kilomita mbili za joshini zinakuwa 2.8 za kusafiri, na kwa mwendo wa kilomita tisa kwa saa ni kama dakika ishirini. Cheza huko mbele ya ufuo, juu ya upepo, usishuke. Ikifika saa kumi na mbili na robo, geuza. Upepo utakuwa umelegea, lakini uko mgongoni, na hata ukifa kabisa hujapotea: zungushia tanga kwenye mlingoti, lilaze juu ya ubao kwa urefu, lala kifudifudi juu yake na upige maji kwa viganja ukiuelekea ufuo. Mwanga upo hadi saa moja.