Zimwi Limekufa au Amekufa? Uhakiki wa Mchezo wa The Battle for Wesnoth

Si kawaida ya ukurasa huu kuhakiki mchezo wa kompyuta. Tumezoea riwaya na tamthiliya, na mara chache diwani ya mashairi pale inapotufikia kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Lakini muhula mzima uliopita wanafunzi wetu wa mwaka wa pili walikuwa wakikusanyika saa za mchana mbele ya kompyuta moja kuukuu, wakibishana kwa Kiswahili kwa sauti ambayo hatujapata kuisikia katika somo la mazungumzo. Tulikwenda kuwanyamazisha, tukaishia kuvuta kiti.

Mchezo wenyewe unaitwa The Battle for Wesnoth. Ulianzishwa na David White mwaka 2003, na toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2005. Tangu hapo umeendelezwa na watu wengi wa kujitolea, na toleo la 1.18 lilitoka mwaka 2024. Ni programu huria, yaani mtu anaweza kuichukua bila malipo, kuinakili na kumpa mwenzake bila kuvunja sheria yoyote. Ukishaipata, haikudai intaneti wala kompyuta yenye nguvu. Kwa Bujumbura jambo hilo lina uzito wake: mchezo huu ulifika mikononi mwa wanafunzi wetu ndani ya flashi iliyozunguka mifukoni, kama kitabu kilichokwisha jalada.

Huchezwa kwa zamu. Mchezaji mmoja anasogeza askari wake wote, kisha anakaa kando na kumwachia mpinzani, ambaye mara nyingi ni kompyuta yenyewe. Uwanja umegawanywa katika vipande vya pembe sita kama sega la nyuki, na kila kipande ni aina ya ardhi: nyika, msitu, mlima, maji, kijiji, ngome. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Askari wa kawaida wa kibinadamu akisimama nyikani, kila pigo la adui lina nafasi ya asilimia 60 ya kumpata. Akiingia kijijini nafasi hiyo inashuka hadi asilimia 40, na akiwa kijijini hutibiwa pia. Akiingia kwenye maji ya kina kifupi, inapanda hadi asilimia 80. Mwanafunzi anayekimbilia adui bila kutazama anapokanyaga hamalizi mchana wake.

Tena kuna saa. Siku moja ina zamu sita, kuanzia alfajiri hadi usiku wa manane. Binadamu wengi hupata nguvu mchana, robo zaidi ya kawaida, na usiku hupungukiwa kwa kiasi hicho hicho. Maorki, yale majitu ya vita, ni kinyume chao. Elfi, watu wa msituni wenye mishale, hawajali mchana wala usiku. Basi mchezaji mzuri hujifunza kurudi nyuma jua linapozama, hata kama anashinda. Kwa vijana hili ni gumu kuliko hesabu zote za asilimia. Tumewaona wakiwa na ushindi mkononi saa za jioni, wakakataa kurudi, na kufikia alfajiri hawana jeshi.

Tuseme neno juu ya bahati. Kila pigo huamuliwa na dadu lisiloonekana. Mage, yaani mchawi wa mchezo huu, hupata shabaha kwa asilimia 70 popote adui alipo, na bado tulimwona mmoja akikosa mara tatu mfululizo huku chumba kizima kikimlaani. Jirani yetu mmoja, mzee wa Buyenzi aliyezeekea kwenye bao, alipoelezwa jambo hili aliuliza: "Sasa aliyekushinda ni nani, yule mtu au dadu?" Hakuna aliyemjibu vizuri. Sisi tunaona kwamba mchezo unajitetea kiasi. Huwezi kulitawala dadu, lakini unaweza kujipanga ili dadu likikugeuka usife. Anayetegemea pigo moja ameshashindwa kabla halijapigwa. Hata hivyo mzee ana haki yake: katika bao hakuna wa kumsingizia.

Hadithi ambayo wengi huanza nayo ni ile ya mrithi wa kiti cha enzi. Kijana Konrad amelelewa na elfi chini ya uangalizi wa mage mzee aitwaye Delfador, wakati malkia Asheviere amenyakua ufalme na maorki wanafanya kazi yake. Kama fasihi, hadithi hii ina mapungufu ya wazi. Konrad ni mhusika wa mbao, hakui kwa maneno yake bali kwa alama za uzoefu tu. Delfador anajua kila kitu mapema mno. Mazungumzo kati ya vita na vita yanachosha, na wanafunzi wetu huyaruka kwa kubofya. Lakini tunakubali kwamba sura ya kwanza ni ya kijasiri: unapewa jeshi, umezingirwa, na kazi yako ni kutoroka. Ukibaki kupigana kishujaa, unaangamia. Hatujui tamthiliya nyingi zinazomfungulia shujaa wake mlango wa namna hiyo.

Kinachowafunga wachezaji zaidi ni kifo. Askari anayenusurika vitani hupata uzoefu, hupanda daraja, na unaweza kumwita tena katika vita vinavyofuata kwa vipande 20 vya dhahabu. Kila mmoja ana jina lake. Akifa, amekufa kwa hadithi yote iliyobaki. Unaweza bila shaka kurudi kwenye nakala uliyohifadhi na kujaribu tena, na jambo hili limezua ubishi mkubwa kama mtihani uliovuja. Kundi moja linasema kurudi ni wizi, jingine linasema hata mwandishi hufuta sentensi. Sisi tumerudi mara mbili, na hatutasema zaidi.

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike. Wanafunzi wanaucheza mchezo kwa Kifaransa, lakini wanaujadili kwa Kiswahili, na kwa hiyo walilazimika kutafuta maneno. Mengine yalikuja yenyewe: zamu, ngome, daraja, kuzingira, kuvizia. Mengine waliyatoa kwenye bao, kama vile mtaji, kwa maana ya nafasi ya kula. Neno "elfi" lilileta vichekesho. Mtu aliyepita mlangoni akasikia "nimepoteza elfi watano" alidhani ndani wanacheza kamari. Orki walimwita zimwi, na hakuna aliyepinga, kwa sababu zimwi tunalijua sote tangu hadithi za bibi.

Walimu wenzetu wanajua kazi tunayoifanya katika mwaka wa kwanza. Mwanafunzi anayetoka kwenye Kirundi hutamka "ng'ombe imekufa", "mbwa imekimbia", kwa kuwa katika lugha yake ya kwanza kila jina hufuata ngeli yake, liwe la kiumbe hai au la jiwe. Tunamsahihisha mwaka mzima: kiumbe hai huchukua upatanisho wa A-WA, kipofu amekuja, kiboko amelala, ng'ombe amekufa. Tulipoketi nyuma ya ile kompyuta tulifurahi kusikia kwamba somo limeingia. "Elfi wangu amekufa." "Farasi wake amechoka." Hakuna aliyekosea.

Lakini orki alipoanguka, chumba kizima kilishangilia: "Limekufa! Limekufa!"

Tukadhani ni kuteleza kwa ulimi. Tukahesabu siku tatu. Haikuwa kuteleza. Elfi, binadamu na hata popo walipewa A-WA, na orki peke yake alipewa LI-YA. Mtu wa sarufi atasema, na ni kweli, kwamba zimwi katika ngano zetu huchukua LI, na kwamba ngeli hiyo hutumika kukuza na kudharau, jitu hili, jibwa lile. Hakuna kosa la kusahihisha hapo. Wanafunzi hawakuvunja kanuni, waliitumia kwa ufasaha. Kilichotusumbua ni huo ufasaha.

Maana tazama mchezo unachowafundisha. Orki ni adui kwa kuzaliwa. Huelezwi kwa nini anapigana, ila kwamba ni orki, na kwamba nguvu yake ni giza. Fasihi nyingi ya fantasia ya Ulaya na Marekani imejengwa hivyo tangu zamani, na msomaji wa huko anaweza kuipita kwa haraka. Sisi hatuwezi. Tunaandika katika mji ulioishi vita vilivyoanza mwaka 1993, ambako mtu aliweza kupata au kukosa njia ya kwenda nyumbani kutegemea kata anayotoka. Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulianza na itifaki nzima juu ya asili ya mgogoro wetu, mauaji ya kimbari na kutengwa, kabla ya kugusa serikali wala jeshi. Waliouandika waliona kwamba jambo lina mwanzo wake kabla ya bunduki. Sisi ambao kazi yetu ni lugha tunaruhusiwa kuongeza kwamba mwanzo huo mara nyingine ni kiambishi.

Hatusemi kwamba kijana akiliita orki "lile" atamdhuru jirani yake. Huo ungekuwa uhakiki wa woga. Wanafunzi hawa wanachanganyika kwenye benchi moja bila kuulizana habari za babu zao, jambo ambalo sisi wa umri wetu hatukulipata. Tunachosema ni kwamba mchezo unaomtaka mchezaji apime kila kipande cha ardhi na kila saa ya siku haumtaki apime hata mara moja kwa nini anaua. Huo ni udhaifu wa kisanaa, na ungekuwa udhaifu hata kama tungekuwa tunaandika kutoka nchi isiyojua vita.

Tuutendee haki mchezo, kwa kuwa watunzi wake ni wengi na hawakubaliani. Ndani ya kasha lile lile kuna hadithi nyingine, ambayo kiongozi wake ni Kapou'e, orki, mwana wa Karun. Huko ni binadamu wanaoingia katika nchi za maorki, na wewe ndiye unayelinda. Tuliwashauri wanafunzi waijaribu. Walikataa wiki nzima kwa sababu ambayo hawakuieleza, kisha mmoja akaanza, akazoea kupigana usiku, akapandisha daraja orki wake wawili. Jambo ambalo hakuna aliyeliona kabla likajitokeza: kila orki ana jina, na maorki wa upande wa adui katika hadithi ya Konrad nao walikuwa na majina muda wote. Ilikuwa ni kubofya tu.

Yule mzee wa Buyenzi tulimsimulia haya pia. Alitujibu kwa bao, kama anavyojibu kila kitu. Kete ni 64, alisema, na hakuna kete ya huyu wala ya yule. Ukila kete zangu unazipanda upande wako, zinakufanyia kazi, na zamu mbili baadaye ninazila tena. Ikibuguzo cha wazee wetu kina tabia hiyo hiyo. Kete haina kabila. Tulivutiwa sana na hoja yake, na tuliibeba hadi chumba cha kompyuta tukidhani tumewapatia wanafunzi jibu.

Mwanafunzi mmoja wa kike aliipindua papo hapo. "Mwalimu," alisema, "lakini kete nayo haililiwi na mtu. Hakuna aliyewahi kusikitika kwamba kete yake imeliwa, anasikitika kwamba ameshindwa." Alikuwa amepoteza mpiga mishale wa daraja la tatu siku iliyotangulia, na alikataa kurudi kwenye nakala iliyohifadhiwa. Tulikiri kwamba hatukuwa tumelifikiria. Bao linawafanya wote sawa kwa kuwanyima majina. Wesnoth inawapa wote majina, kisha inakufundisha kusoma ya upande mmoja.

Kwa msomaji anayetaka kujaribu, ushauri wetu ni huu: aanze kwa kiwango chepesi, kwa maana hicho nacho si chepesi, na asianze na Konrad kisha akaishia hapo. Idara inakusanya faharasa ndogo ya maneno yaliyozuliwa chumbani mle, na kwa sasa ina maneno machache zaidi ya 40. Neno la orki bado linabishaniwa. Wengine wanashikilia zimwi, wakikumbusha kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sisi tumependekeza "orki" libaki kama lilivyo, ngeli ya A-WA, na kura itapigwa Ijumaa.

Yule kijana wa Kapou'e tulimkuta juzi akiwa peke yake, umeme ukiwa umerudi dakika chache tu. Mmoja wa maorki wake wawili alikuwa ameanguka mtoni, alfajiri, akisubiri giza lililokwisha pita. "Amekufa," alisema, bila kugeuka.