Magurudumu ya Lori Kuukuu: Rimu Kwanza, Upepo Mwisho

Lori la Bedford TJ liliingia sokoni Uingereza mwaka wa 1958. Anayetaka kulifufua leo anaweza kufanya karibu kazi yote Eastlands, Nairobi: vipuri huchongwa Kariobangi Light Industries, mabati ya bodi hukunjwa Kamukunji. Ila kiungo kinachoweza kumuua fundi karakanani ni gurudumu, nalo mara nyingi huachwa hadi rangi ikauke na mwenye lori aanze kuharakisha.

Rimu ya malori mengi ya enzi hiyo si kipande kimoja. Tairi husukumwa hadi mahali pake, kisha pete ya chuma iliyokatwa sehemu moja hukaa kwenye mfereji mwembamba na kulizuia lisitoke. Pete hiyo haina boliti. Inashikwa na umbo lake na msukumo wa upepo wenyewe. Tairi la 10.00-20 lenye pauni 100 kwa inchi ya mraba huisukuma rimu kiubavu kwa nguvu inayozidi tani 10. Mfereji ukiwa umeliwa na kutu, nguvu hiyo yote huirusha pete, na aliyeinama juu yake haponi.

Kwa hiyo kazi sahihi huanza kabla ya nati ya kwanza kulegezwa. Moyo wa valvu hutolewa, upepo wote ukatoka, kisha waya hupitishwa kwenye valvu kuhakikisha haijaziba. Magurudumu pacha ya nyuma hutolewa upepo yote mawili, kwani rimu iliyopasuka huenda imezuiwa na nati peke yake. Malori mengi ya Uingereza yana nati zenye uzi wa kinyume upande wa kushoto. Asiyelijua hilo huongeza bomba kwenye spana hadi boliti ikatike.

Rimu husuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kitupu kionekane. Karakana isiyo na kemikali za kupima nyufa inaweza kutumia njia ya kale ya mafundi wa reli: paka mafuta ya taa, subiri, futa kabisa, kisha paka chokaa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hutoka na kuchora mstari juu ya weupe. Chunguza hasa mashimo ya boliti, mfereji wa pete na tundu la valvu.

Ufa ukionekana, rimu hiyo haifai tena. Hapa mkono wa kuchomelea lazima ujizuie, hata uwe na ustadi gani, kwa sababu joto hudhoofisha chuma pembeni mwa kiungo. Kanuni za usalama kazini za Marekani za mwaka wa 1980 zinakataza kuchomelea au kupasha moto rimu za aina hii zilizopasuka au kupinda. Zinakataza pia kuchanganya pete na rimu zisizolingana, hata zikifanana kwa macho. Rangi nayo iwe nyembamba pale rimu inapokutana na habu, maana rangi nene husagika na nati zikalegea.

Kuchagua tairi ni kazi ya namba. Tairi la 8.25-20 limepimiwa rimu ya upana wa inchi 6.5, na la 10.00-20 inchi 7.5. Kulazimisha kubwa kwenye rimu nyembamba hubana mbavu zake, na pacha za nyuma husuguana hadi zishike moto. Matairi ya nyuzi mshazari na ya radiali yasichanganywe kwenye ekseli moja. Umri husomwa ubavuni: 3518 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2018. Tairi kuukuu lililochongwa mistari upya kwa kisu lina sura ya upya tu, mpira wake umeshachoka. Mahali pake ni soko la Kariokor, likatwe viatu vya akala.

Zamani matairi ya vipimo hivi hayakusumbua kupatikana. Firestone ilianzisha kampuni Nairobi mwaka wa 1969, na kiwanda chake, baadaye kikiitwa Sameer Africa, kilitoa matairi ya Yana hadi kilipofungwa mwaka wa 2016. Leo matairi ya nyuzi mshazari huagizwa kutoka nje, India ikiwa mojawapo. Nunua pamoja na tyubu mpya na flapu mpya, yaani mkanda unaoikinga tyubu na rimu. Kuokoa pesa kwenye flapu ni kuipoteza tyubu.

Upepo ndio wa mwisho. Gurudumu huingizwa ndani ya kizimba cha chuma, mpira wa kompresa uwe mrefu, wenye geji na kibano kinachojishika kwenye valvu, na fundi asimame pembeni. Pete ikikaa upande, upepo utolewe wote kabla ya kuigusa. Asiigonge kwa nyundo hata kidogo. Kufunga mnyororo hakutoshi, kwani kizimba hutakiwa kustahimili mlipuko wa tairi lenye upepo mara moja na nusu ya kiwango chake cha juu.

Ustadi upo Eastlands. Kinachopungua ni kizimba hicho, na karakana nne au tano zinaweza kuchangia kimoja kilichothibitishwa na kukitumia kwa zamu. Mwenye lori, kabla ya kukabidhi rimu zako, uliza kizimba kiko wapi. Kama hakipo, zipeleke kwingine.