Swali Limekwenda Wapi? Uhakiki wa Kampeni za Urais katika Nyanda za Juu Kusini

Kila ufikapo msimu wa uchaguzi mkuu, viwanja vya Ruanda Nzovwe mjini Mbeya na Mwembetogwa mjini Iringa hujaa watu. Magazeti hupiga picha, na kila chama hudai kwamba umati ule ni wake. Makada wengi, na hasa vijana walioko vyuoni, wamezoea kuipima kampeni ya urais kwa picha hizo. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kipimo hicho kinapotosha. Mkutano wa kampeni yafaa upimwe kwa swali moja la msingi: je, mwananchi aliyefika pale alipata nafasi ya kuuliza na kujibiwa, au alikuja kutazama tu na kurudi nyumbani?

Hili si jambo dogo. Mkutano ambao mwananchi anauliza humwongezea mwamko, hata kama mgombea wake akishindwa. Mkutano ambao anatazama tu humzoesha kuwa mtazamaji wa mambo ya nchi yake mwenyewe.

1. Jukwaa la pamoja na mgongano wake

Tangu uchaguzi wa 1965, chini ya mfumo wa chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge katika jimbo walisimama katika jukwaa moja. Mikutano iliandaliwa na Chama. Mgombea hakuruhusiwa kutumia fedha zake kujinadi, wala kutumia kabila, dini au rangi, na lugha ya jukwaa ilikuwa Kiswahili. Mmoja alipewa alama ya jembe na mwenzake alama ya nyumba. Wananchi waliwasikiliza wote wawili mahali pamoja, wakawauliza maswali, wakawalinganisha. Matokeo yake yalikuwa ya kweli: mwaka ule hata mawaziri wawili walikataliwa na wapiga kura.

Lakini yatupasa kuwa wakweli kuhusu upungufu wa mfumo ule. Jukwaa la pamoja lilikuwa la wabunge peke yao. Katika urais alikuwapo mgombea mmoja, na mwananchi alipiga kura ya Ndiyo au ya Hapana. Kabla ya hapo, mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alishindana na Zuberi Mtemvu wa chama cha ANC, ambaye alipata kura 21,276 dhidi ya zaidi ya milioni moja. Baada ya uchaguzi ule wananchi wa Tanzania Bara hawakuchagua rais kati ya wagombea wawili au zaidi mpaka 1995.

Hapo ndipo ulipo mgongano tunaotaka kuuchambua. Mfumo wa vyama vingi uliporudishwa mwaka 1992, ushindani uliingia katika urais, lakini jukwaa la pamoja likatoka. Wagombea wanne wa 1995, yaani Mkapa, Mrema, Lipumba na Cheyo, walikutana katika mdahalo, na lilikuwa jambo jema. Halikujenga desturi. Mwaka 2015 wagombea wawili wakuu, Magufuli na Lowassa, hawakukutana katika mdahalo hata mmoja. Kila mmoja alizunguka nchi na jukwaa lake, wasanii wake na spika zake.

2. Mbinu zilikotoka

Jukwaa la namna hii halikuzuka kwetu bila mifano. Marekani, nchi ambayo biashara ya matangazo imekua kuliko popote, ilikuwa imeonyesha njia mapema. Mwaka 1952 kampeni ya Jenerali Eisenhower ilitengeneza filamu fupi za televisheni ambamo raia wa kawaida aliuliza swali, na Jenerali akajibu. Mtazamaji aliyekaa nyumbani aliamini kwamba anaona mazungumzo. Ukweli ni kwamba Eisenhower alirekodiwa kwanza akitoa majibu, kisha wakatafutwa watu mitaani New York wa kurekodiwa wakiuliza. Jibu lilitangulia swali. Aliyezibuni filamu zile, Rosser Reeves, alikuwa mtu wa matangazo ya biashara.

Tunawaomba makada waushike mfano huu, kwa sababu ndani yake imo siri ya mbinu zote zilizofuata. Miaka iliyofuata ilileta vyombo vipya: kura za maoni, kompyuta, na takwimu za mpiga kura mmoja mmoja. Katika kashfa ya Cambridge Analytica iliyofichuka mwaka 2018, habari za watumiaji wa Facebook wanaofikia milioni 87 zilikuwa zimechukuliwa bila idhini yao. Vyombo vilibadilika, lengo halikubadilika. Mpiga kura huchunguzwa ili ijulikane anaogopa nini na anatamani nini, kisha anaandaliwa jibu kabla hajafungua kinywa.

Wala mbinu hizo hazikuishia ng'ambo. Mwaka huo huo wa 2018, kituo cha televisheni cha Channel 4 cha Uingereza kilionyesha mkuu mmoja wa Cambridge Analytica akidai, bila kujua kwamba anarekodiwa, kuwa kampuni yao ilishiriki katika kampeni za Uhuru Kenyatta nchini Kenya mwaka 2013 na 2017, ikakipa chama sura mpya na kuandika ilani yake. Chama cha Jubilee kilikiri kazi ndogo tu ya kutengeneza sura ya chama. Hata tukipunguza majigambo ya mfanyabiashara, somo linabaki. Ilani ambayo ingetokana na mjadala wa wanachama inaweza kuagizwa kama bidhaa.

3. Hali ya Mbeya na Iringa

Sasa turudi nyumbani. Wachambuzi wengine husema kwamba katika mikoa yetu kura hutafutwa kwa muziki. Hutoa mfano wa Joseph Mbilinyi, anayejulikana kwa jina la Sugu, msanii wa muziki wa kufokafoka aliyeshinda ubunge wa Mbeya Mjini mwaka 2010 kwa tiketi ya CHADEMA. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwaka ule ule Iringa Mjini ilimchagua Peter Msigwa wa chama hicho hicho, naye ni mchungaji. Miji yote miwili iliwarudisha mwaka 2015. Kama muziki ndio uliochagua Mbeya, nini kilichagua Iringa? Kada anayeridhika na jibu la muziki anakwepa kuchunguza ajira za vijana, hali ya wamachinga wa Mwanjelwa, na uhusiano wa viongozi na watu wao.

Hatuupingi wimbo. Ngoma na kwaya zilikuwamo katika siasa yetu tangu siku za TANU, na wanakijiji walitunga wenyewe. Tunachokihakiki ni kazi ambayo wimbo unapewa leo. Ukiwakusanya watu ili wasikilize hoja, umefanya kazi yake. Ukipigwa ili kuziba nafasi ya maswali, mpaka mgombea apande gari na kuondoka, hapo umegeuzwa kuwa kifuniko.

Jambo la pili ni zawadi. Hapa kalenda ya mkulima inaeleza mengi. Kura hupigwa mwishoni mwa Oktoba, na mvua za Nyanda za Juu Kusini huanza kutarajiwa Novemba. Mkulima wa mahindi wa Ismani, au wa mpunga wa Kyela, wakati huo anatafuta mbegu na mbolea, na mkononi hana kitu. Khanga, fulana na noti ya nauli humfikia akiwa katika udhaifu wake mkubwa kabisa wa mwaka. Sheria yenyewe iliwahi kuufungulia mlango mwenendo huu: marekebisho ya mwaka 2000 yaliruhusu takrima, mpaka Mahakama Kuu ilipoyabatilisha mwaka 2006. Sheria ya Gharama za Uchaguzi ilifuata mwaka 2010.

Mkulima huyo huyo analo swali zito. Serikali ilipoanzisha vocha za pembejeo, angeweza kumuuliza kila mgombea urais: je, vocha itafika kijijini kabla ya mvua au baada yake? Nani atayakagua majina? Swali hilo lina thamani kuliko fulana mia, maana jibu lake linaweza kudaiwa msimu ujao.

Ikumbukwe kwamba onyo lilitolewa hapa hapa kwetu. Siku ya Mei Mosi 1995, katika Uwanja wa Sokoine mjini Mbeya, Mwalimu alieleza sifa za rais anayefaa, akaikemea rushwa waziwazi. Hotuba ile hunukuliwa kila uchaguzi. Inafaa pia itumiwe kuwapima wanaoinukuu.

4. Umati na kura

Tuangalie takwimu. Mwaka 2005 waliojiandikisha walikuwa zaidi ya milioni 16, na asilimia 72 hivi walipiga kura. Mwaka 2010 waliojiandikisha walizidi milioni 20, lakini waliopiga kura walikuwa kama milioni 8.6, yaani chini ya asilimia 43. Kampeni ya 2010 haikukosa nyimbo, fulana wala helikopta. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini hakuna anayeweza kudai kwamba shamrashamra ziliwafikisha watu vituoni.

Mwaka 2015 neno lililovuma lilikuwa "mafuriko", yaani umati wa mikutano ya Lowassa. Tume ilipotangaza matokeo, Magufuli alikuwa na kura 8,882,935 na Lowassa 6,072,848. Waliohesabu vichwa viwanjani walipotea katika hesabu. Kwa upande wa pili, kura milioni sita hazikuwa kitu cha kubezwa na chama kilichoshinda. Zilikuwa swali, na swali hujibiwa.

Uchaguzi wa Oktoba 2025 hatuwezi kuutumia kupima uwezo wa kampeni kushawishi, kwa sababu CHADEMA haikuwamo katika karatasi ya kura. Ghasia na vifo vilivyoanza siku ya kura vinadai mjadala wake, tena wa uwazi. Hapa tunasema jambo moja tu: mahali ambapo swali halina jukwaa, halitoweki, hutafuta njia nyingine ya kutokea.

5. Wajibu wa makada

Kwanza, kabla ya mkutano wa mgombea urais, shina na tawi wakutane na kuandika maswali matatu ya wananchi wa pale, wanachama na wasio wanachama. Baada ya mkutano waandike lililojibiwa na lisilojibiwa, na karatasi hiyo itunzwe mpaka uchaguzi unaofuata.

Pili, vyuo vya Mbeya na Iringa vifundishe kuisoma ilani kwa kuihoji: nani atafanya, kwa fedha ipi, lini, na nani atawajibika. Ilani ya Chama isisamehewe zoezi hilo.

Tatu, tudai jukwaa la pamoja kwa wagombea urais wote, wa Chama akiwa wa kwanza kupanda. Mgombea mwenye hoja hapotezi kitu kwa kusimama karibu na mpinzani wake mbele ya wakulima na wafanyakazi. Kama tulilimudu jukwaa hilo kwa wabunge mwaka 1965, tukiwa na barabara mbovu na redio chache, hatuna udhuru wa kulikosa leo katika urais.